BI KHADIJA BINTI KHUWAILID: MJANE ALIYECHAGUA MWENYEWE



Kamati ilipopanga kijarida hiki cha kutimiza miaka 10, ilitutaka sisi mwenyekiti tuandike habari ya mwanamke mmoja wa zamani ambaye maisha yake yanatufaa kina mama wa kuweka na kukopa. Elimu yetu ni ya darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Tumemchagua Bi Khadija, mke wa kwanza wa Mtume Muhammad (S.A.W.). Waislamu tumemsikia tangu madrasa. Wenzetu Wakristo, nanyi msiruke ukurasa huu, maana habari ya mjane na mali yake ni yetu sote.

Tena tuna sababu nyingine ya kumchagua, na ni deni letu. Tutalisema mwishoni.

MFANYABIASHARA WA MAKKA

Bi Khadija alizaliwa Makka, katika kabila la Makureshi, ukoo wa Asad. Baba yake ni Khuwailid bin Asad na mama yake ni Fatima binti Zaida. Makka ni nchi ya mawe na jua kali, kilimo hakuna. Watu wake waliishi kwa biashara. Kila mwaka walifunga misafara miwili mikubwa ya ngamia: wakati wa baridi kwenda Yemen, wakati wa joto kwenda Sham, ndiyo upande wa Syria ya leo.

Bi Khadija aliolewa mara mbili kabla ya habari yetu hii. Waume hao ni Abu Hala na Atiq, na alizaa watoto nao. Mmoja wao ni Hind, ambaye ingawa jina lake laweza kuwa la kike, alikuwa mtoto wa kiume. Basi mama akabaki mjane, ana watoto, ana mali.

Sasa fikirieni, kina mama. Mjane mwenye mali, katika mji wa wanaume wafanyabiashara. Wakubwa wa Makka walimposa, mmoja baada ya mwingine, na wote aliwakataa. Alikaa kwake, akaendesha biashara yake. Watu wakamwita Tahira, yaani aliyetakasika, kwa sababu ya mwenendo wake.

Yeye mwenyewe hakusafiri na misafara. Alikuwa anatoa mtaji, anamkabidhi mtu wa kusafiri nao, na faida wanagawana kwa mapatano. Kwa hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kujua watu. Safari ya Sham ni zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu. Ukimpa mtu mali yako akaondoka nayo namna hiyo, huna tena la kufanya isipokuwa kungoja. Atakaporudi atakwambia ngamia amekufa, au bei ilikuwa mbaya, nawe utajuaje? Anayekopesha fedha anaijua hofu hiyo.

KIJANA MWAMINIFU

Katika mji ule alikuwepo kijana wa miaka 25, yatima, Muhammad bin Abdallah. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, mama yake akafariki yeye akiwa na miaka sita. Alilelewa na babu yake, kisha na ami yake Abu Talib, mtu wa heshima lakini mwenye watoto wengi na mali kidogo. Kijana alichunga mbuzi na kondoo wa watu. Mtaji hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni jina: watu walimwita Al-Amin, mwaminifu.

Bi Khadija alipozisikia habari zake alimpelekea neno: achukue mali yake aende nayo Sham, naye atampa fungu bora kuliko alilozoea kuwapa wengine. Akampa na mtumishi wake aitwaye Maisara wafuatane.

Walikwenda mpaka Sham, wakauza, wakanunua, wakarudi. Bidhaa zilipouzwa Makka, faida ilikuwa maradufu au karibu na hapo. Lakini faida peke yake isingetosha kumgeuza mama aliyekwisha kuwakataa matajiri. Maisara naye alieleza aliyoyaona njiani: jinsi kijana alivyouza bila hila, jinsi alivyoishi na wenzake safarini. Mtu humjui mpaka usafiri naye au mshirikiane fedha. Bi Khadija alimpima kwa yote mawili.

POSA

Hapo ndipo moyo wa mama ulipogeuka. Hakutazamia. Wengi wanasema alikuwa na miaka 40. Ipo na riwaya ya miaka 28. Kwa vyovyote alikuwa mjane mwenye watoto na yeye ndiye mwenye mali, na kijana alikuwa mtu aliyemfanyia kazi. Kwa mila za watu, mambo hayo yote ni kinyume.

Bi Khadija hakukaa kungoja wala hakujishusha. Alikuwa na shoga yake, Nafisa binti Munya. Huyu ndiye aliyekuwa mshenga. Alimwendea kijana akamuuliza kinachomzuia kuoa ni nini. Kijana akajibu kwamba hana cha kuolea. Nafisa akamuuliza, je, kama hilo la mali likiondolewa, na akaitwa kwa mwanamke mwenye sura, mali na heshima, angekubali? Kijana akataka kujua ni nani. Alipotajiwa Khadija, aliona ni jambo lisilowezekana kwa mtu kama yeye. Nafisa akamwambia hilo amwachie yeye.

Tunapenda sana kipande hiki. Hakuna aliyedanganywa wala kuvutwa. Mama alituma neno kwa heshima, kijana akasema wazi hali yake, na shoga akafanya kazi ya shoga, siyo ya umbeya.

Mambo yakaenda kwa utaratibu. Ami zake kijana walikuja kuposa, Abu Talib akazungumza kwa niaba yake. Upande wa Bi Khadija, kwa riwaya iliyo mashuhuri, alisimama ami yake Amr bin Asad. Mahari yalitolewa, riwaya moja inataja ngamia 20. Mama alikuwa na ngamia wake wengi, lakini mahari ni haki ya bibi arusi, tajiri asiwe tajiri. Ndoa hiyo ilifungwa karibu mwaka 595.

NYUMBA YAO

Waliishi pamoja karibu miaka 25. Nchi ile mtu akioa wake wengi hakuna wa kumshangaa, lakini Muhammad (S.A.W.) hakuoa mke mwingine maisha yote ya Bi Khadija. Walizaa watoto: Qasim, Zainab, Ruqayya, Ummu Kulthum, Fatima na Abdallah. Watoto wa kiume walifariki wadogo. Aliyezika mtoto anaijua nyumba ilivyokuwa siku hizo.

Hind, mtoto wa mama, alilelewa humo humo. Zaid bin Haritha, kijana aliyeletwa kama mtumwa, aliachwa huru akafanywa kama mtoto. Na mwaka wa ukame, Abu Talib alipoelemewa, walimchukua mtoto wake Ali wakamlea. Nyumba yenye neema ikawabeba wasio na neema.

Miaka 15 ilipita. Mume alikuwa akipanda pango la Hira, nje ya Makka, kukaa faraghani na kuabudu. Chakula kikimwishia alirudi kwa Bi Khadija, akamfungia kingine. Mwaka 610, mwezi wa Ramadhani, alishuka mlimani anatetemeka kwa lililomtokea, akaomba afunikwe nguo.

Jamani, hapa ndipo mtu hujulikana. Mume amerudi na habari ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, na yeye mwenyewe anahofia nafsi yake. Bi Khadija hakupiga kelele, hakuwaita majirani. Alimfunika, akamtuliza. Akamhesabia aliyoyaona kwa macho yake: kwamba anaunga udugu, anabeba mzigo wa mnyonge, anakirimu wageni, na Mungu hawezi kumdhalilisha mtu wa namna hiyo. Kisha akampeleka kwa Waraqa bin Nawfal, mtoto wa ami yake, mzee kipofu aliyekuwa Mkristo na msomi wa vitabu vya kale, ambaye naye alimpa moyo. Bi Khadija akawa mtu wa kwanza kumwamini.

MALI ILIVYOTUMIKA

Baada ya hapo raha ilipungua. Makureshi waliwaudhi Waislamu, na kuanzia karibu mwaka 616 wakaususia ukoo wa Mtume: asiuziwe mtu chakula, asiolewe wala kuoa. Watu walikaa katika bonde la Abu Talib, wana njaa, na watoto wakilia usiku. Hali hiyo ilikaa kama miaka mitatu.

Mama aliyekuwa na misafara ya ngamia alikuwa ndani ya bonde lile, naye umri umekwenda. Hakim bin Hizam, mtoto wa kaka yake, alijaribu kumpelekea shangazi yake ngano. Abu Jahl akamzuia njiani, mpaka mtu mwingine alipoingilia kati wakapigana. Mali ya Bi Khadija iliishia katika kuwasaidia waliokuwa katika dhiki. Hakuna aliyemnyang'anya. Aliitoa mwenyewe, kwa jambo aliloliamini.

Mwaka 619, mwezi wa Ramadhani, muda mfupi baada ya vikwazo kuondolewa, Bi Khadija alifariki. Alizikwa Hajun, hapo Makka, na Mtume mwenyewe aliingia kaburini kumweka. Mwaka huo huo alifariki Abu Talib. Ndiyo maana ukaitwa Mwaka wa Huzuni.

HAKUSAHAULIKA

Mtume baadaye alioa wake wengine. Lakini alipochinja mbuzi alitenga nyama apelekewe mashoga wa Bi Khadija. Siku moja huko Madina, Hala, ndugu yake Bi Khadija, alibisha hodi; sauti yake ikafanana na ya marehemu, na Mtume akashtuka kwa furaha. Bi Aisha mwenyewe alikiri kwamba hakumwonea wivu mke mwenzake yeyote kama alivyomwonea Bi Khadija, na hali hakuwahi kuwa mke mwenzake akiwa hai.

Na liko la mkufu. Mwaka 624, baada ya vita vya Badr, mateka walikuwa wanakombolewa. Zainab, binti yao, alituma mkufu kumkomboa mumewe. Mkufu huo alipewa na mama yake siku ya arusi. Mtume alipouona aliutambua, moyo ukamlainika sana, akawaomba wenzake, kama wataona vema, wamwachie mateka na mkufu urudishwe kwa mwenyewe. Miaka mitano mama yuko kaburini, na kitu chake kimoja kinamfanya mume asite hivyo.

DENI LETU

Sasa tulipe. Katika mwaka wa tatu wa kikundi, mwenzetu mmoja mjane, muuza samaki wa kukaanga, aliposwa na mtu aliyekuwa anamsukumia mkokoteni wake. Kijana kuliko yeye, hana nyumba. Maneno yakaenea mtaani. Na sisi tuliokuwa tunaongoza, badala ya kuyazima, tulimwita pembeni tukamwambia kwamba yule anataka hisa zake, na kwamba mtu mzima hapaswi kujiaibisha. Hatukumuuliza hata swali moja. Alilia, akaondoka, miezi mitatu hakuja kikaoni.

Tulikuwa na hofu ya kweli, hatukatai. Mwenzetu mwingine aliolewa, mume akamkopesha kwa jina lake, kisha akaondoka, na deni tukalilipa pamoja. Lakini kosa la yule wa kwanza lilikuwa nini? Yule mtu wa mkokoteni alimjua miaka minne. Alikuwa anampa fedha za samaki alfajiri, naye anarudisha chenji mpaka shilingi ya mwisho. Alimpima kama Bi Khadija alivyopima. Sisi ndio hatukupima kitu, tulitazama umri na nguo.

Alirudi mwenyewe, amekwisha kuolewa. Leo yeye ni mmoja wa wanaoshika ufunguo wa kisanduku chetu, na mumewe ndiye anayekibeba siku ya kikao. Tulimwomba radhi mbele ya wenzetu, na ameturuhusu tuandike haya bila jina lake.

Kwa hiyo, kina mama, tunayoyachukua kwa Bi Khadija ni haya:

1. Akiba haikufanyi uwe na haja ya kuolewa, wala haikukatazi. Inakupa nafasi ya kungoja na kuchagua.
2. Mtu apimwe kwa amana na kwa mwenendo, siyo kwa umri wala kwa mali.
3. Mali yako ni yako hata ukiolewa. Ukiitoa, uitoe kwa hiari yako na ukijua kwa nini.
4. Ukiwa shoga, uwe kama Nafisa.

Wajane wetu ni 11 kati ya wanachama 34. Atakayepata posa na aje tumsikilize kwanza, ndipo tutoe rai. Na atakayetaka kukaa peke yake na biashara yake, naye aachwe kwa amani.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Khadija, na atujalie miaka 10 mingine yenye kheri. Amina.

Mwenyekiti wa kikundi