Alexander Mackay, Mzungu wa Kazi



Katika ukurasa wetu wa watumishi waliotangulia, leo tumsome Alexander Mackay. Wengi tumelisikia jina lake pale linapotajwa kanisa la Uganda, lakini wachache wanajua jinsi alivyohangaika kabla ya kufika huko, na jinsi yeye mwenyewe alivyofukuzwa baadaye.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, huko Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, naye alimfundisha mtoto nyumbani akitumaini atarithi mimbari. Kumbe kijana alipenda vyuma. Alipenda kusimama kwenye karakana na kutazama mafundi kuliko kukaa na vitabu vya dini. Akasomea uhandisi Edinburgh, kisha akaenda Ujerumani kufanya kazi ya kuchora mitambo. Wazazi wenye mtoto asiyetaka masomo ya Biblia ila anataka kufungua redio za watu, msikate tamaa upesi.

Mwaka 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya msafiri Stanley, iliyosema kwamba Mutesa, mfalme wa Buganda, anataka walimu wa dini. Mackay akajitoa kwa chama cha wamisionari cha CMS. Walikuwa wanane, naye alikuwa miongoni mwa wadogo kabisa, miaka 26. Siku ya kuagwa aliwaambia wakubwa wa chama jambo zito: kwamba kabla ya miezi sita kupita huenda wakasikia mmoja wao amekufa, na habari hiyo ikifika wasivunjike moyo, bali watume mwingine.

Waliondoka Uingereza Aprili 1876, wakafika Zanzibar mwishoni mwa Mei. Fundi mmoja wa kundi hilo alifia Zanzibar mwaka uleule. Daktari wao alifariki mwaka 1877 huko kusini ya Ziwa Victoria. Mwezi Desemba 1877 kiongozi wao, Shergold Smith, pamoja na O'Neill, waliuawa kisiwani Ukerewe. Wengine ugonjwa uliwarudisha kwao. Mackay naye aliugua njiani akarudishwa pwani. Mtu mwingine angepanda meli aende zake. Yeye akaanza kutengeneza barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili zipatazo 230, akikata miti na kujaza mabonde ili mizigo ipite.

Alipofika ziwani mwaka 1878, aliambiwa asithubutu kukanyaga Ukerewe. Akaenda, tena bila silaha, akazungumza na mfalme Lukonge, ambaye kwake damu ya rafiki zake ilimwagika, akarudi salama. Halafu akaikuta mashua yao Daisy imeoza na kutoboka. Akaitengeneza. Yeye na mwenzake Wilson wakasafiri, dhoruba ikawatupa ufukweni upande wa magharibi, mashua ikapasuka. Mackay akakata kipande cha katikati, akaunganisha mbele na nyuma, ikawa mashua fupi, wakaendelea. Novemba 1878 ndipo alipofika kwa Mutesa. Zaidi ya miaka miwili tangu atoke kwao!

Ndugu zangu, hapa ndipo sisi wa Kimisagara tunapaswa kumtazama vizuri. Kuna wanaokaa katika mteremko huu wa Mlima Kigali kama abiria wa Nyabugogo, begi mkononi, hawajifunzi ufundi wala Kinyarwanda kwa sababu wanasema wataondoka karibuni. Ninawaelewa, kwa kuwa mimi pia miaka yangu ya kwanza niliishi hivyo. Mackay hakujua atakaa Buganda mwezi au miaka, lakini alijenga nyumba, akafungua karakana, akawasha tanuri la kufulia chuma. Watu walikuja kutazama jiwe la kunolea likizunguka, wakabaki kusikiliza Neno. Wakamwita mzungu wa kazi.

Lugha aliyoanzia ni hii yetu. Pale ikulu wengi walikijua Kiswahili kutokana na wafanyabiashara wa pwani, na Mackay aliwasomea sehemu za Biblia alizotafsiri Askofu Steere wa Zanzibar. Baadaye akajifunza Kiganda, akatafsiri Injili ya Mathayo na kuichapa kwa mashine ndogo. Kijana mmoja, Sembera, alijitengenezea kalamu ya jani na wino wake mwenyewe, akaandika barua kuomba abatizwe. Alikuwa mmoja wa watano wa kwanza waliobatizwa Machi 1882, akachagua kuitwa Mackay.

Hakuwa malaika. Alikuwa na hasira ya karibu, na mbele ya Mutesa alibishana vikali na mapadre Wakatoliki waliofika 1879, hata mfalme akawa anashangaa ni Yesu yupi wa kweli. Aibu hiyo bado tunaibeba makanisani.

Mutesa alifariki 1884, mwanawe Mwanga akatawala. Januari 1885 vijana watatu, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, walichomwa moto. Lugalama alikuwa mtoto aliyelelewa na wamisionari, na Mackay alimlilia kama mwanawe. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga, na Juni 1886 wengi walichomwa Namugongo. Mackay alibaki, akachapa maandiko ya kuwatia nguvu waumini waliojificha. Julai 1887 Mwanga akamfukuza.

Akavuka ziwa hadi Usambiro, nchi ya Tanzania ya leo, akaanza tena: nyumba, karakana, mashine ya kuchapa. Alikuwa mgeni mahali papya kwa mara ya pili.

Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa, na Wakristo wakakimbia Buganda. Wengi walipokelewa Ankole kwa mfalme Ntare, nchi ileile ilipo kambi ya Nakivale ambako baadhi yetu tuna ndugu. Wengine walishuka kusini mpaka kwa Mackay, naye akawapokea. Mwanga naye, akiwa sasa mkimbizi kusini ya ziwa, alimwandikia Mackay barua ya kuomba msamaha na msaada. Yule aliyewachoma watoto! Ninapofika hapa huwa nanyamaza kidogo, maana ninao watu ambao sijui kama ningefungua barua yao.

Stanley alipita Usambiro mwaka 1889 akamkuta kazini. Mackay hakuwahi kurudi kwao tangu 1876. Mapema Februari 1890 mwenzake mgonjwa, Deekes, alikuwa tayari kuondoka kwenda pwani, ndipo homa ikamshika Mackay. Deekes akaahirisha safari akamuuguza. Tarehe 8 Februari Mackay akafariki, ana miaka 40. Mwezi huohuo Wakristo waliokuwa uhamishoni waliingia tena Mengo pamoja na Mwanga.

Alizikwa Usambiro. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.