Harriet Powers: Mkulima aliyeuza blanketi la viraka kwa dola 5

MWAKA 1886 mji wa Athens, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, ulifanya maonyesho ya pamba. Katika kona moja ya maonyesho hayo lilitundikwa blanketi la viraka lililoshonwa na mwanamke mkulima aliyezaliwa mtumwa. Mwalimu wa sanaa wa mji huo, Jennie Smith, alilipenda mno. Akamtafuta aliyelishona hadi shambani kwake na kumwomba amuuzie. Mwanamke huyo, Harriet Powers, alikataa. Halikuwa la kuuzwa kwa bei yoyote ile.

Leo blanketi hilo limo katika hazina ya Taasisi ya Smithsonian, Washington, na ni miongoni mwa kazi za mkono zinazojulikana zaidi nchini Marekani. Lilifikaje kutoka mikononi mwa mtu aliyekataa kuliuza ni habari inayowahusu wote wanaotengeneza vitu kwa mikono yao na kuvipeleka sokoni.

Harriet alizaliwa Oktoba 29, 1837, jirani na Athens, katika eneo lililoishi kwa pamba na kwa jasho la watumwa. Mwaka 1855, akiwa bado mtumwa, aliolewa na Armstead Powers, na walijaliwa watoto kadhaa. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, familia hiyo ilianza maisha mapya bila mtaji. Watumwa walioachiwa huru hawakupewa ardhi. Wengi wao walirudi kulima mashamba ya mabwana zao wa zamani, wakigawana nao mavuno, huku wakichukua mbegu, chakula na nguo kwa mkopo dukani na kulipa msimu ukiisha. Mkopo huo ulikuwa na riba kubwa, na aghalabu pamba ilipouzwa mkulima alibaki na deni.

Harriet na mumewe walijitahidi kuliko wengi. Kufikia miaka ya 1880 walikuwa na shamba lao wenyewe la ekari 4. Ni eneo dogo, lakini lilikuwa lao. Hili ni jambo la kukumbuka unapofikiria kwa nini mwaka 1886 aliweza kumkatalia mnunuzi. Mtu mwenye akiba kidogo ana uwezo wa kusema hapana.

Ushonaji wenyewe ulikuwa kazi ya kawaida kwa wanawake wa mashambani. Blanketi la viraka lina tabaka tatu. Juu kuna vipande vya nguo kuukuu na masalia ya vitambaa vilivyounganishwa, katikati pamba ya kuleta joto, na chini kitambaa cha kufunika. Kisha tabaka zote hushonwa pamoja kwa mistari ya uzi ili pamba isihame. Hakuna kinachotupwa. Suruali ya kazi iliyotoboka magotini bado ina kitambaa kizima nyuma ya mguu na sehemu za juu, na hicho ndicho hukatwa. Desturi hiyo iliendelea vizazi vingi. Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, mwanamke aitwaye Missouri Pettway alishona blanketi kwa nguo za kazi za marehemu mumewe, na wenzake kijijini hapo walitumia jinzi zilizochakaa kwa namna hiyo hiyo.

Harriet aliitumia kazi hiyo ya kila siku kwa jambo lake mwenyewe. Alikata maumbo ya watu, wanyama, jua na nyota kutoka vitambaa vya pamba, akayapachika juu ya kitambaa kingine na kuyashona kwa mkono na kwa cherehani. Blanketi lililoonyeshwa Athens lina picha 11 za Biblia. Wamo Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, ngazi ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, Yuda na vipande vyake 30 vya fedha, na nyinginezo. Limeunganishwa kwa vipande 299. Wataalamu wameona kwamba namna yake ya kupachika maumbo inafanana na vitambaa vya watu wa Dahomey, ambayo leo ni Benin, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufika Afrika.

Kisha mambo yakawa magumu. Kiasi cha miaka 4 baada ya maonyesho, Harriet alimtumia Jennie Smith ujumbe kwamba sasa blanketi linauzwa. Safari hii mwalimu ndiye hakuwa na fedha. Biashara ikasubiri hadi mwaka 1891, ambapo Smith alituma neno kwamba yuko tayari. Harriet alifika kwa mkokoteni wa ng'ombe, blanketi amelipakata, limefungwa ndani ya mfuko safi wa unga na juu yake gunia.

Alitaka dola 10. Smith alisema anazo 5 tu. Harriet alitoka nje kushauriana na mumewe, naye alimshauri achukue hizo, kwa kuwa nyakati zilikuwa ngumu. Akachukua.

Dola 5 zilikuwa kitu gani? Pamba, zao lililobeba uchumi wote wa eneo lile, ilikuwa ikishuka bei. Kufikia mwaka 1894 ilikuwa imeanguka hadi chini ya senti 5 kwa ratili. Kwa bei hiyo, mkulima alihitaji zaidi ya ratili 100 za pamba iliyochambuliwa, yaani zaidi ya kilo 45, ili apate dola 5. Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa hali hiyo. Ukiitazama hivyo, dola 5 hazikuwa fedha za kudharau nyumbani kwa Harriet siku ile. Lakini bei haikupangwa kwa ubora wa kazi wala kwa muda aliotumia. Ilipangwa na shida ya muuzaji na mfuko wa mnunuzi mmoja, kwani mnunuzi wa pili hakuwapo.

Hata hivyo, Harriet hakuondoka akiwa amepoteza kila kitu. Kabla ya kuliacha blanketi alimweleza Smith maana ya kila picha, na Smith aliyaandika maelezo hayo. Bila maandishi hayo, sehemu kubwa ya thamani ya kazi ile ingepotea. Aidha, alirudi mara kadhaa kulitazama, na Smith alimpa masalia ya vitambaa. Mwaka 1895 blanketi lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya majimbo ya pamba mjini Atlanta.

Shamba halikuokolewa na dola hizo. Katika miaka ya 1890 familia iliuza ardhi yake kipande kwa kipande. Armstead alishindwa kulipa kodi, na mwaka 1895 aliondoka shambani. Harriet alibaki, na inaelekea alijitegemea kwa kushona.

Ni katika kipindi hicho kigumu alipotengeneza blanketi lake kubwa la pili, kati ya mwaka 1895 na 1898, lenye picha 15. Humo, pamoja na Biblia, alishona matukio ambayo wakulima wa Georgia waliyasimulia: usiku wa mwaka 1833 nyota zilipoanguka kama mvua, baridi kali ya Februari 1895, na hata nguruwe aliyesemekana kukimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia. Mwaka 1898 alipewa zawadi kiongozi wa bodi ya Chuo Kikuu cha Atlanta, na tangu mwaka 1964 limo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston. Lile la kwanza liliingia Smithsonian katika miaka ya 1960.

Harriet Powers alifariki Januari 1, 1910, na kuzikwa katika makaburi ya Gospel Pilgrim mjini Athens. Kaburi lake lilisahaulika hadi lilipotambuliwa tena mwaka 2005. Mablanketi yake mawili yalikutanishwa kwa mara ya kwanza Oktoba 2021, katika maonyesho huko Boston.

Kwa miaka mingi waandishi walimwelezea kama mwanamke asiyejua kusoma. Mwaka 2009 mtafiti Kyra Hicks alichapisha habari za barua ya mwaka 1896 ambamo Harriet anaeleza maisha yake mwenyewe. Barua hiyo inaonyesha kwamba alijua kusoma na kuandika, na kwamba alikuwa ameshona si chini ya mablanketi manne ya aina hiyo. Yanayojulikana yalipo ni mawili.