Daktari wa Jicho Moja na Ramani ya Saratani

Wapo wanafunzi wanaodhani kuwa sayansi huanzia katika maabara yenye mitambo ya mamilioni. Maisha ya Denis Burkitt yatosha kuiondoa dhana hiyo.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia, lakini hilo halikumzuia kuwa daktari mpasuaji. Mwaka 1946 aliingia Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Haukupita muda akamwona mwingine kama huyo Jinja, naye alikuwa na uvimbe tumboni pia. Hapo aling'amua kuwa hayo hayakuwa maradhi mbalimbali bali saratani moja, akaieleza katika makala ya mwaka 1958.

Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hadi Afrika Kusini, wakiulizia ugonjwa huo kila hospitali. Ramani ikadhihirisha kuwa hupatikana katika nyanda za joto na mvua, na huadimika juu ya mita 1,500 hivi. Baadaye malaria ilitambuliwa kuwa mshirika wake. Mwanafunzi wa Taita Taveta hahitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili: alinganishe joto na mbu wa Taveta na baridi ya kilele cha Vuria, chenye zaidi ya mita 2,200.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London. Anthony Epstein alimsikiliza, na mwaka 1964, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, akatangaza kuonekana kwa virusi ndani ya seli za uvimbe huo.

Leo DNA ya virusi hivyo huweza kupimwa katika damu. Wataalamu wanaunda vihisi vidogo: uzi mfupi wa DNA hubandikwa juu ya metali, ukikutana na mwenziwe hushikamana naye, na umeme ukibadilika, ishara hutokea. Kwa kuwa watu wengi wazima wa afya wana virusi hivyo, haitoshi kuvigundua. Sharti kiasi chake kipimwe.

Uvimbe huu hukua upesi mno, lakini huitikia dawa vizuri ukiwahiwa. Kwa hiyo kihisi kitakachofungiwa katika maabara za mji mkuu hakitamfaa mtoto wa Voi.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Alianza kwa kutazama, kuuliza na kuchora ramani. Walimu, hayo yafundishwe hata katika shule isiyo na darubini.