Miche 62 ya Daktari Hindorf

Watoto wa Tanga na Pangani hulisikia jina la Richard Hindorf wakiwa bado shule ya msingi: ndiye aliyeleta mkonge mwaka 1893. Huku kwetu Kenya hatajwi sana, ingawa mkonge wetu nao ulianzia kwake. Nataka kumweleza kwa upande ambao vitabu vya shule huupita mbio, yaani shaka ya wenye pesa.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1863, akasomea kilimo, akaja kufanya kazi na DOAG, ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni za Kijerumani zilikuwa zimeshazika fedha katika mazao mengine, tumbaku ya Lewa na kahawa ya Usambara, na faida haikuonekana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hindorf alikuja na ung'ongo wenyewe. Alisoma katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza, habari za mkonge wa Yucatán, akaona kwamba unafaa kwa pwani yetu kavu.

Mexico ililinda zao lake. Vijiweni husimuliwa kwamba miche ilitoroshwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Kisa kitamu, lakini mimi sikiamini. Miche 1,000 iliagizwa kwa muuzaji wa Florida, ikasafirishwa kwa meli kupitia Hamburg. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Hebu ukae kwenye kiti cha mwanahisa wa Ujerumani. Unaambiwa utoe pesa za mashamba, reli ndogo na mitambo kwa sababu ya mimea 62 ambayo huanza kukatwa majani baada ya miaka mitatu au zaidi. Mimi nisingetoa hata senti siku hiyo, na siwalaumu waliosita.

Shaka ya kwanza iliondolewa na mmea wenyewe. Mkonge hutoa machipukizi shinani, na ukikomaa hutoa mlingoti mmoja mrefu, kisha hufa. Kwenye mlingoti huota vichipukizi vingi sana, hata zaidi ya elfu, kila kimoja kikiwa nakala ya mama yake. Kufikia mwaka 1898 zile 62 zilikuwa zimekaribia 63,000.

Shaka ya pili ilikuwa nzito zaidi, nayo ni ya mashine. Katika kila kilo 100 za majani, katani ni kama kilo 4 tu; zilizobaki ni maji na makapi. Jani likishakatwa halisubiri, kwani likikauka nyama yake hugandamana na nyuzi. Kwenye mashine ya kuchakata, ambayo wafanyakazi huiita korona, visu vikikaza sana vinakata nyuzi, vikilegea vinaacha nyama na katani inaingia weusi. Mnunuzi wa Ulaya hakutaka robota moja zuri la kuonyeshwa. Alitaka la mia lifanane na la kwanza. Ndipo zinahitajika maji mengi ya kuoshea, na majani yanayofika kiwandani kila siku bila kukatika.

Mwaka 1900 zilisafirishwa tani saba na nusu hivi. Mwaka 1913 zilipita 20,000. Uhakika huo ulilipiwa pia na migongo ya vibarua waliotolewa mbali, hata Unyamwezi, wakakata majani yenye miiba juani. Hesabu za wanahisa hazikuonyesha miiba.

Kutoka huko mkonge ukavuka mpaka, ukafika Thika na Kibwezi, Makueni, ambako shamba la Dwa lipo mpaka leo. Kibwezi ina chemchemi zinazotoka milima ya Chyulu. Ukishika barabara ya Kibwezi kuelekea Mutomo na Kitui, mkonge unauona bado, lakini sasa ni ua wa boma na mpaka wa shamba. Akina mama huuchuna kwa mkono na kusuka viondo. Mmea ni ule ule, jua ni lile lile.

Akija mtu na mashine ndogo ya kuchakata, akasema Kitui itapita Tanga kwa sababu mkonge hauogopi ukame, mimi nitamuuliza maswali ya wale Wajerumani waliosita. Maji ya kuoshea yatatoka wapi mwezi wa Septemba? Majani ya vijishamba mia mbili, kila kimoja na umri wake na urefu wake, yatafikaje kabla hayajakauka? Ukame unastahimiliwa na mmea, korona haistahimili.

Hindorf alifariki mwaka 1954, Tanganyika ikiwa inaongoza duniani kwa katani. Miaka kumi baadaye ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Halafu zikaja kamba za plastiki.