Christopher Sholes: Mhariri aliyepanga vitufe vya kibodi

Karani wa Juba anayeandika barua kwa Kiingereza huiona kila herufi anayoihitaji kwenye kibodi. Anayeandika kwa Kidinka au Kinuer hukwama mapema, kwani ŋ na ɔ hazina kitufe. Mpangilio huo ulianzia Milwaukee, Marekani, katika karakana alimofanyia kazi Christopher Latham Sholes.

Sholes alizaliwa Pennsylvania mwaka 1819. Alijifunza uchapaji angali kijana, kisha akahamia Wisconsin, alikokuwa mhariri wa gazeti na mwanasiasa. Alikuwa miongoni mwa wabunge waliopigania kufutwa kwa adhabu ya kifo, iliyoondolewa katika jimbo hilo mwaka 1853.

Mwaka 1867 yeye, Carlos Glidden na Samuel Soule walianza kuunda taipureta, wakapata hataza mwaka uliofuata. Vitufe vya awali vilifanana na vya piano, na herufi zilifuata alfabeti.

Mfadhili wao, James Densmore, alipeleka mashine za majaribio kwa watu wanaoandika kutwa kucha. Mmoja wao, James Clephane, mwandishi wa hati mkato mjini Washington, alizitumia bila huruma hadi zikaharibika moja baada ya nyingine, na kila mara alieleza kasoro zake waziwazi. Sholes alichoshwa na lawama hizo, lakini Densmore alishikilia kwamba kasoro zigunduliwe kabla mashine haijamfikia mnunuzi. Mashine ikaundwa upya mara nyingi, na herufi zikahamishwa hadi kukaribia mpangilio wa leo.

Kampuni ya Remington, iliyojulikana kwa bunduki, ilianza kuiuza mwaka 1874. Sholes aliuza haki zake, lakini aliendelea kuirekebisha mpaka alipofariki mwaka 1890.

Kompyuta zilirithi vitufe hivyo. Kipanya kikaongezwa pembeni. Hata hivyo, watumiaji waliosikilizwa na Sholes waliandika Kiingereza. Mkutano wa Rejaf, karibu na Juba, ulipoweka misingi ya tahajia za lugha za kusini mwa Sudan mwaka 1928, mpangilio wa vitufe ulikuwa umekwisha kuota mizizi.

Leo programu inaweza kubadilisha kazi ya kitufe bila kugusa chuma. Kinachohitajika ni kile kilichomfaa Sholes: mtumiaji asiyeona haya kulalamika, na fundi aliye tayari kumsikiliza.