Maisha ya Wes Montgomery, Mpiga Gitaa wa Kidole Gumba

Muhula huu umezuka ubishi katika bweni letu, nao haujakwisha mpaka leo. Jumamosi jioni mwalimu wetu mmoja hutupigia muziki ukumbini, na mara mbili alitupigia jazi laini, ile ya taratibu ambayo watu huisikiliza wakati wa kupumzika. Wengi wetu tuliifurahia. Lakini wenzetu wa bendi ya shule walisema kuwa muziki ule ni kama mchuzi usiotiwa chumvi, na kwamba wapigaji wake hutafuta fedha tu. Mimi ni katika walioufurahia. Basi nikatafuta habari za mtu aliyepatwa na ubishi huu kabla jazi laini haijapewa hata jina lake.

Mtu huyo ni John Leslie Montgomery, aliyejulikana kwa jina la Wes. Alizaliwa tarehe 6 Machi 1923 katika mji wa Indianapolis, Marekani. Ndugu zake wawili walikuwa wanamuziki pia: Monk alipiga besi, na Buddy alipiga piano na vaibrafoni. Alipokuwa mtoto, Monk alimpa gitaa dogo la nyuzi nne, lakini hakulishughulikia sana. Alikuwa amekwisha kuoa, umri wake karibu miaka ishirini, aliposikia sahani za santuri za Charlie Christian. Hapo ndipo alipokwenda kununua gitaa la nyuzi sita, akaanza kujifundisha mwenyewe kwa kusikiliza sahani zile na kuiga kila sauti. Hakupata mwalimu, wala hakujua kusoma noti mpaka alipokufa. (Wenzangu wa bendi, mnaotucheka sisi tusiojua noti, hapo msome mara mbili!)

Siku hizo wapiga gitaa wengi walitumia kijipande kigumu cha kukwaruzia nyuzi. Yeye alitumia nyama ya kidole gumba. Yasemekana kuwa alipojizoeza usiku sauti iliwasumbua watu wa nyumbani na majirani, akaona kidole gumba kina sauti ya chini na ya upole. Hivyo sauti ile ambayo dunia iliisifu baadaye ilitokana na adabu kwa watu waliolala. Tena alikuwa na ufundi wa kupiga wimbo kwa sauti mbili pamoja, nene na nyembamba yake, yaani okteva, kwa wepesi ambao wengine waliuona kuwa hauwezekani.

Mwaka 1948 alichukuliwa na bendi kubwa ya Lionel Hampton, akasafiri nayo kwa muda wa miaka miwili hivi. Kisha akarudi Indianapolis kwa mkewe na watoto. Watoto walikuwa wengi, na muziki haukutosha kuwalisha. Kwa hiyo mchana alifanya kazi kiwandani, na usiku alipiga gitaa katika baa. Baa moja ilipofunga, alikwenda katika kilabu kingine na kupiga karibu mpaka alfajiri, kisha akarudi tena kiwandani. Sisi tunaolalamikia kengele ya asubuhi, tufikirie kidogo maisha hayo.

Mwaka 1959 mpiga saksafoni Cannonball Adderley alifika Indianapolis, akamsikia katika kilabu hicho cha usiku. Alistaajabu sana, akawaarifu wenye kampuni ya Riverside huko New York, nao wakampa mkataba. Sahani yake ya mwaka 1960, iitwayo The Incredible Jazz Guitar of Wes Montgomery, ilimfanya ajulikane mara moja kwa wapenzi wa jazi. Lakini sifa si ugali. Wapenzi hao hawakuwa wengi wa kumtajirisha mtu, na mwaka 1964 kampuni ya Riverside ilifilisika.

Ndipo alipoingia mikononi mwa mtayarishaji Creed Taylor. Huyu alimtaka apige nyimbo fupi zilizokuwa zikipendwa redioni, hata za vijana wa Kiingereza, Beatles, huku nyuma yake kukiwa na fidla nyingi. Sahani iitwayo Goin' Out of My Head ilimpatia tuzo ya Grammy, na A Day in the Life ya mwaka 1967 ilinunuliwa kuliko sahani nyingi za jazi za wakati ule. Watu ambao hawakupata kusikiliza jazi wakalijua jina lake.

Wajuzi wa jazi walikasirika. Walisema kuwa fundi mkubwa anapoteza mkono wake kwa vinyimbo vyepesi. Yeye mwenyewe hakujidai. Alikubali kuwa anapiga muziki wa kupendwa na watu, akataka upimwe kama muziki wa namna hiyo. Kwa maoni yangu jawabu hili ni la haki, ingawa nakiri kuwa nilipozisikiliza sahani zake mbili kwa kufuatana, ile ya 1960 na ile ya 1967, ya kwanza ilinizidi nguvu. Katika ile ya kwanza hujui atakwenda wapi. Katika ya pili unajua. Lakini kidole ni kilekile, na nilipokuwa nimechoka baada ya hesabu niliichagua ya pili. Tena mwaka 1965, wakati alipokwisha kuanza kazi na Taylor, alirekodi na Wynton Kelly sahani iitwayo Smokin' at the Half Note, ambayo hata wakali wa jazi huisifu.

Fedha hizo hakuzifaidi muda mrefu. Jumamosi tarehe 15 Juni 1968, akiwa nyumbani kwake Indianapolis, alishikwa na maradhi ya moyo akafa. Umri wake ulikuwa miaka 45. George Benson, aliyejifunza mengi kwake, alitoa sahani ya Breezin' mwaka 1976 ikauzwa zaidi ya milioni moja, na katika miaka ya 1980 redio za Marekani zikaanza kuupa muziki wa namna hiyo jina la jazi laini.

Habari hizi niliwasomea wenzangu bwenini. Mpiga gitaa wetu wa bendi hakukubali neno hata moja, ila tangu wiki iliyopita ameacha kijipande chake, naye anajaribu kupiga kwa kidole gumba.