Louis Pasteur: Mtu aliyeilisha chachu chakula kigeni ili kuonyesha kwamba ina uhai

Wengi wanamjua Louis Pasteur kwa sababu ya chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka 1885. Lakini karibu miaka 30 kabla ya hapo, mwanasayansi huyo wa Ufaransa alikuwa akipigania jambo lingine: chachu, ile inayoumua mkate na kutengeneza pombe, ni kitu kilichooza tu au ni kiumbe hai?

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi, askari wa zamani wa Napoleon. Kijana huyo alisomea kemia mjini Paris, na mwaka 1849 alimuoa Marie Laurent. Mwaka 1854 aliteuliwa kuwa mkuu wa kitivo cha sayansi mjini Lille, eneo lenye viwanda vingi. Miaka miwili baadaye, mwenye kiwanda mmoja, bwana Bigo, alimwomba msaada kwa sababu pombe yake ya betrave ilikuwa inaharibika. Pasteur akachukua hadubini na kuanza kuchunguza.

Wakati huo, sauti yenye nguvu zaidi katika kemia ilikuwa ya Mjerumani Justus von Liebig. Kwake yeye, chachu ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa inaoza, na kuoza kwake ndiko kulikovunja sukari. Watafiti wengine walikuwa wamekwisha kusema tangu miaka ya 1830 kwamba chachu ina uhai, lakini hawakusikilizwa sana.

Pasteur aliona njia rahisi ya kukata shauri. Kama chachu ni hai, basi lazima ile, ikue, na iumie inapokosa chakula. Alitayarisha maji yenye sukari safi, chumvi ya amonia na majivu ya chachu iliyochomwa. Hapakuwa na kitu chochote cha kuoza ndani yake. Kisha akatia chachu kidogo sana, kiasi cha kichwa cha pini. Chachu ikaongezeka na sukari ikageuka alkoli. Amonia, ambayo ingepaswa kuongezeka kama kuna kuoza, ilipungua: ilikuwa imeliwa.

Alipopima zaidi, aligundua kwamba sehemu ndogo ya sukari haikugeuka alkoli. Chachu iliitumia kujijengea mafuta na ukuta unaozunguka mwili wake. Aligundua pia kwamba chachu nyingi ikipewa sukari kidogo haisimami sukari inapokwisha, bali inaendelea kwa kula akiba yake yenyewe. Leo inajulikana kwamba ukuta huo umejengwa hasa kwa minyororo ya sukari, na kwamba wakati wa njaa unakuwa mnene na mgumu zaidi kuvunjwa.

Kazi hiyo ilifanyika katikati ya majonzi. Mwezi Septemba 1859, binti yake mkubwa, Jeanne, alifariki kwa homa ya matumbo akiwa na umri wa miaka 9. Watoto wengine wawili wa kike walifuata, mwaka 1865 na 1866. Hata hivyo, mwaka 1860 Pasteur alichapisha utafiti wake mkubwa juu ya chachu.

Liebig hakukubali. Karibu miaka 10 baadaye alidai kwamba jaribio lile halikumfaulia. Pasteur, ambaye tangu mwaka 1868 alikuwa amepooza upande wa kushoto, alijibu kwa kupendekeza tume ya wataalamu, ambayo mbele yake angekuza chachu kwa chakula kilekile. Tume hiyo haikuwahi kukaa, na Liebig alifariki mwaka 1873. Mwaka 1876 Pasteur alitoa kitabu chake juu ya bia.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Miaka miwili baadaye, Mjerumani Eduard Buchner aliisaga chachu, akaikamua, na maji yake yakageuza sukari kuwa alkoli bila chembe hata moja iliyo hai. Kwa hiyo Liebig naye hakukosea yote: kazi hiyo ni ya kemia. Lakini kemia hiyo hutengenezwa na kiumbe kinachokula, kinachojenga ukuta wake na kinachojua kuvumilia njaa. Hilo Pasteur alikuwa amelionyesha.